Mistari Sita Chini ya Lenzi

Lenzi zangu sita nilizinunua Ruharo, kwa muuzaji wa miwani ya kusomea. Ni zile karatasi za plastiki zenye mikwaruzo ya mviringo, ambazo wazee huziweka juu ya Biblia ili maandishi yakue. Mimi nilizitaka kwa kazi nyingine. Chombo cha angani hakitaki uzito, na lenzi ya plastiki ni nyepesi: inakusanya mwanga wa eneo pana na kuutua juu ya seli ya jua ndogo kama ukucha.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni Mbarara. Jopo la walimu lingemchagua mmoja wetu aende kwenye maabara ya satelaiti ndogo, nje ya nchi. Kwa mwenye karatasi za ukimbizi, nafasi kama hiyo hairudi.

Fremu ya mbao ya kushikilia lenzi na seli niliijengea nyumbani Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale. Nikiijaribu, nilikaa kando yake na kuigeuza kila baada ya dakika chache, kulifuata jua. Nikimaliza, niliifunga kwa kitenge na kuiingiza ndani. Mama alitazama, hakuuliza. Nami sikumweleza.

Siku moja kabla ya jopo nilikwenda kuomba barua ya kutoka kambini. Foleni ilinishika hadi alasiri. Niliporudi, fremu ilikuwa juu ya bati, pembeni ya paneli yetu ya kuchajia simu. Rubondo kila nyumba hupandisha paneli yake asubuhi na kuishusha jioni. Katikati hapo hakuna anayeigusa.

“Nimeianika juu ya kesho,” mama aliniambia, akimaanisha kwa ajili ya jopo, “ikamate chaji mingi. Weye unaifungaka tu mu nyumba.”

Jua lilikuwa limetembea, na nukta sita za mwanga zikasogea nalo. Zilitoka kwenye seli, zikapita juu ya gundi na nyaya, zikaingia kwenye mbao. Ziliacha mistari sita myeusi ya kuungua, sambamba, kama iliyopigwa kwa rula. Mama aligusa mmoja kwa kidole.

Mbarara niliwaambia walimu kwamba bodaboda ilianguka njiani, ndiyo maana fremu haifanyi kazi. Mmoja wao aliuliza: kama fremu imeshindwa na barabara ya Nakivale, roketi itaiweza? Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Kisha mwenyekiti wa jopo, mwanamke mpole, akauliza kitu kimoja tu. Chombo kikipoteza mwelekeo wa jua, lenzi hizi zitafanya nini, na je, nimewahi kupima?

Majibu sita yalikuwa mbele yake, chini ya utepe mweusi niliobandika kuyaficha. Ningeuvuta tu. Lakini ningelazimika kusema kwamba mama yangu aliianika kazi hii juu ya bati kama mihogo.

“Sijapima,” nikasema.

Alichaguliwa mwingine.

Jumamosi nilirudi Rubondo. Mama alinitengea chakula, akaketi mbele yangu.

“Uliwaambia ni miye?”

“Hapana, mama.”

“Aksanti, papa.” Ndivyo anavyoniita mimi mwanawe. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilikula. Hadi leo, kwenye foleni ya kisima, mama huwasimulia wanawake wenzake kwamba mtoto wake alimfichia kosa mbele ya wakubwa. Husikilizwa kwa heshima. Mimi husimama na jerikeni zangu nyuma yake, nikijua kwamba sikumfichia kosa, nilimwonea aibu.