Wadudu niliowaponda kwa shamba la mami wakati wa Emergency

Wakuu, salamu kutoka Manyatta, Embu. Wiki nzima nimesoma mkibishana kuhusu dawa za aphids nikanyamaza. Leo naandika. Haya niliyafanya kwa mikono yangu, na kwa umri wangu sina faida ya kudanganya mtu.

Wakati wa Emergency, ile miaka ya vita vya Mau Mau, nilikuwa na kama miaka tisa. Baba alikuwa detention, amefungwa na mkoloni. Mimi, mami na Ireri, ndugu yangu mchanga aliyekuwa bado ananyonya, tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki. Nyumba yetu ya zamani ilichomwa.

Asubuhi akina mama walichimba handaki. Mchana homugadi walifungua lango watu waende shamba. Saa moja tu, halafu firimbi.

(Kwa vijana: homugadi walikuwa watu wetu wenyewe, wamepewa silaha na mkoloni. Tuyaache hayo.)

Mami alikuwa amepanda njahi, zile maharagwe nyeusi. Mahindi yalikuwa yameisha na maziwa yake yanakauka. Kwetu mama anayenyonyesha hupikiwa njahi, kwa hivyo macho yetu yote yalikuwa hapo.

Zikatoa maua. Ndipo vidukari wakaja, ndio hao aphids wenu. Weusi, wamejaa kutoka shina hadi maua, majani yanajikunja na kunata. Mami akanyunyiza jivu. Wapi.

Baadaye nikaona wengine. Warefu kidogo, weusi, miiba mgongoni, madoa ya rangi ya machungwa. Sura mbaya kama mamba mdogo. Walikuwa kwa kila mmea.

"Mami, hawa wakubwa ndio wazazi wao!"

Akainama akaangalia, Ireri mgongoni. "Basi waondoe hao, Wanjira. Mimi napalilia. Haraka, kabla firimbi."

Niliwatoa mmoja mmoja nikawaponda kwa jiwe. Kila siku, hiyo saa yetu moja. Mwishowe sikuona hata mmoja.

Mami akasema, "Umefanya kazi ya mtu mzima."

Wakuu, nilifurahi sana.

Vidukari wakaongezeka. Maua yakaanguka. Tulivuna njahi za kujaza kikombe, nazo zimekunjamana.

Ireri alikufa kabla ya mvua. Tulimzika nje ya handaki, homugadi amesimama akituharakisha. Mami hakulia. Alirudi akaketi tu, kifua wazi, kama anayengoja kunyonyesha.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mkulima, afisa wa kilimo alikuja kutufundisha. Ladybird tunawajua wote, wale wekundu wa madoa meusi. Akasema hao hula vidukari. Halafu akainua picha ya mtoto wa ladybird kabla hajaota mabawa: mweusi, miiba mgongoni, madoa ya rangi ya machungwa.

Nikauliza, "Huyo naye anakula vidukari?"

"Sana, mama. Kuliko hata wakubwa."

Nilitoka nje nikakaa kwa nyasi mpaka mkutano ukaisha.

Mami alikuwa bado hai. Sikumwambia. Alikufa akijua nilimsaidia.

Watu huniambia nilikuwa mtoto, njaa ilikuwa kila mahali, huenda Ireri angekufa tu. Huenda. Nimeishi na hiyo huenda, na hainisaidii kitu.

Funzo: kabla ya kuponda ama kupuliza dawa, kaa chini utazame mdudu anakula nini. Sisi muda huo hatukupewa. Nyinyi mnao.

Kama kuna aliyekuwa mtoto kwa vile vijiji, Embu ama Meru, aandike hapa. Wa rika langu tuliobaki huku ni wachache, na tukikutana tunaongea mambo ya mvua.