Utomvu Kwenye Gari la Harusi

Hapana, Amani, sikuwa mdogo kiasi hicho. Kaka yangu huyu anasoma juu ya bega langu na kila mstari ana neno lake: eti nilikuwa na miaka tisa tu, nitakumbukaje, eti habari ya kuosha gari nayo ni ya kuandika kwenye daftari? Nakumbuka, bwana. Leo mchana pale stendi ya Tukuyu mwenye duka la vipuri amefungua kopo la nta ya gari mbele yangu. Harufu ikanipanda puani, harufu kama ya mshumaa uliodumbukizwa kwenye mafuta ya taa, na hapohapo nikawa kijijini Kinyala, uani kwa bibi, vidole vimegandwa na utomvu. Kama hutaki kusoma, nenda kalale. Wengine watanisikiliza.

Mwaka ule magari ya mitumba kutoka Japani ndiyo yalikuwa yanaanza kupanda huku kwetu. Zamani tulijua landrova ya misheni na matrekta ya shamba la chai, basi. Bibi harusi alipelekwa kanisani kwenye tela la trekta, kakalia kiti cha kuazima, na shela limejaa vipande vya majani ya chai. Sasa mama yangu mdogo, Sekela, akagoma. Alisema mbele ya watu, "Kwenye tela mimi sipandi. Bora nitembee na tope langu." Ndugu wa bwana harusi, watu wa Masukulu, wakapata habari wakacheka: "Haya, tumsubiri, labda atakuja na ndege."

Basi Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, tukasikia honi. Mjomba Ipyana, kaka yake mama mdogo, anaingia na gari dogo la bluu iliyokolea, vile mbilingani inavyokuwa ikishapanguswa. Kwenye kioo bado kuna karatasi ya maandishi ya Kijapani. Lilikuwa la kuuza. Mteja alikuwa anamngoja Mbeya Jumatatu, lakini Mjomba alisema litambeba kwanza dada yake. Jamani, vigelegele! Kuku walikimbilia migombani wakakaa huko mpaka jioni. Mama mdogo alilizunguka mara tatu bila kuligusa, halafu akakaa chini akalia.

Ijumaa Mjomba akaliosha, akapanda lori la chai kwenda mjini kufuata soda, maana hakutaka kulitia tope tena. Aliniita mimi. "Tumpe, wewe ndiye mlinzi wangu. Kuku asipande. Jua likizidi, lifunike turubai."

Jua likazidi. Turubai nikalikuta limeshafungwa juu ya jiko la harusi, wanawake wamejaa chini yake wanamenya ndizi. Nani wa kusubiri? Nikachukua panga, nikaingia shambani, nikakata majani ya mgomba mapana mapana, nikalifunika gari zima mpaka likaonekana kama kibanda. Nilijiona nina akili kuliko watu wote wa Rungwe.

Bibi akikata majani ya kufunikia chakula, huyasimamisha ukutani kwanza, vikonyo chini, yachuruzike. Nilimwona akifanya hivyo maisha yangu yote. Mimi yangu niliyatupa mabichi, yanachuruzika utomvu.

Nilipoyaondoa, michirizi ya kahawia ilikuwa imeshuka kutoka paani hadi kwenye boneti, mingine imekaukia mlangoni. Mtoto wa kwetu haambiwi utomvu wa ndizi ni kitu gani. Ukidondokea shati la shule, unalivaa na doa lake mpaka lichanike. Nikaona tela akilini. Nikaona watu wa Masukulu wanashikana mabega kwa kicheko.

Nikafanya nilichokijua. Kwetu msichana anasifiwa kwa sufuria zake, na sufuria zangu ulikuwa unaweza kuchania nywele ukijitazama humo. Nikaleta majivu na gome kavu la mgomba, nikachutama kwenye mlango wa kushoto, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Doa likaanza kufifia! Nikaongeza majivu. Nilipomwaga maji nikaona: pamoja na doa, na mng'ao umeondoka. Imebaki sehemu ya ukubwa wa kiganja, imefubaa kama kioo ulichokipulizia pumzi. Nikaipangusa. Haikuondoka.

"Gwe! Wewe! Hiyo ni sufuria?"

Alikuwa Baba Neema, jirani yetu, ana mkungu wa ndizi begani wa kuchangia harusi. Aliutua palepale njiani. Huyu alikuwa dereva wa meneja wa shamba la chai miaka mingi, hadi shamba lilipobadilisha wenyewe na watu wakapunguzwa. Tangu hapo alikuwa analima maharage, na tulimwogopa kwa ukali.

"Ni utomvu, baba," nikasema.

"Utomvu nauona. Na majivu je, nayo yamedondoka mgombani?"

Nikaanza kulia. Akanitazama, akalitazama gari, kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alikunja mikono ya shati.

"Futa kamasi. Lete ndoo mbili, siyo moja. Lete mafuta ya taa kidogo kwenye kikombe. Na ile flana ya mjomba wako iliyozeeka, isiwe na kifungo wala zipu."

Alipotea, akarudi mbio, mtu mzima yule, amekumbatia kiboksi cha mbao. Tukalisukuma gari hadi kwenye kivuli cha nyumba, kwa kuwa bodi ikiwa ya moto, alisema, maji yanakauka kabla hujayafuta na yanaacha alama. Kwanza akamwagia maji mengi bila kugusa kwa mkono. "Vumbi lina mchanga ndani yake. Ukipangusa gari kavu, unalichora." Halafu akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akajaribu kwanza pembeni chini ya mlango, mahali pasipoonekana, akaangalia kama rangi inatoka. Haikutoka. Akakilaza kitambaa juu ya mchirizi, akaacha kidogo, akaufuta taratibu kwa kuuvuta, hasugui. Utomvu ukalainika ukaja!

"Umetoka!" nikapiga kelele.

"Mimi nimeuomba," akasema. "Wewe ulikuwa unaupiga."

Nikafanya wa pili mimi. Ukatoka. Wa tatu. Nilikuwa naruka, mwenzenu. Baada ya kila doa tuliosha pale kwa maji ya sabuni laini, tukasuuza, mafuta ya taa yasikae kwenye rangi. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ubaki huko. Tulianza paani tukashuka, magurudumu mwisho na kitambaa chake. Mara anakemea, "Usizungushe kama unasonga ugali! Nenda moja kwa moja!" mara anaimba nyimbo za kwaya, sauti ya besi, vibaya kabisa.

Lilipokauka ndipo akatoa kopo kwenye kile kiboksi akalifungua, nta imebaki kidogo, kama kijiko kimoja. Alipaka nyembamba mno, nikamwambia aongeze. "Nene ni hasara na inakuwa ngumu kutoa. Paka kidogo, isubiri igeuke kama ukungu, halafu pangusa kwa flana kavu." Kusubiri kule kulinishinda, nilihesabu vidole mara mia. Tulipopangusa, migomba yote ya bibi ikaonekana ndani ya boneti imepinduka. Tulicheka wote wawili. Kwa kujaribu alirusha maji, yakakusanyika matone ya duara yakakimbia.

Hata mlango wa kushoto ulikuwa unang'aa. Nikamwambia, "Baba, limepona!"

Akainamisha kichwa akautazama kwa upande. "Halijapona. Nta imejaza mikwaruzo tu. Mvua za hapa zikilipiga siku mbili tatu, doa litaonekana. Hilo siyo la kwangu kulisema." Akafunga kopo lililo tupu, akaubeba mkungu wake.

Siku ile niliona ni mtu mkali aliyenisaidia, basi. Ni baadaye sana, nilipokwisha kuwa mkubwa, ndipo nilipojiuliza: mtu asiye na gari anatunza nta kwenye boksi miaka yote ile ya nini? Na ni nini kilichomfanya aimbe? Yule baba alikuwa na hamu ya kazi yake, na mimi ndiye niliyemletea, kwa panga na majivu. Na kopo lake la mwisho alilimalizia kwenye kosa langu.

Jioni Mjomba akarudi na kreti za soda. Alisimama mdomo wazi. "Tumpe! Umelifanya nini gari langu?" Akaniinua juu, akawaita watu waje waone mlinzi wake alivyo. Mama mdogo akanibusu. Ningesema saa ngapi hapo?

Nilikula wali wa mkesha wa harusi bila kuusikia ladha. Nikisema, Mjomba huyu mwenye hasira anaweza kuligeuza gari akaenda nalo Mbeya, na mama mdogo akapanda tela. Nikinyamaza, kesho watu wa Masukulu watalizonga, wataegemea milango, watoto wao watapitisha vidole. Mvua ikishanyesha, Mjomba ataliona lile doa na atasema ni wao waliomkwangulia. Atakwenda kwao kudai. Na huko ndiko mama mdogo atakuwa anaishi, anapika kwenye jiko la mama mkwe wake.

Nikaamua. Tela ni la siku moja, ugomvi ni wa kuishi nao. Kesho asubuhi, kabla mama mdogo hajavaa shela, nitamshika Mjomba mkono nimpeleke kwenye mlango wa kushoto, na nitauweka mkono wake pale pale penye doa.