Picha ya Mkono

Kazi ya mke wangu ni kusema kitu fulani kina hatari kiasi gani. Kiwandani kwao wanatengeneza sabuni za maji, dawa za vyoo na dawa za kutoa grisi, na kila dawa mpya inayotoka kwa wachanganyaji lazima ipite mezani kwake kabla ya kutiwa kwenye chupa. Yeye ndiye anayeamua: hii inashika moto, hii inawasha ngozi, hii ikiingia jichoni umekwisha. Anaipangia daraja lake, na daraja hilo ndilo linaloamua ni picha gani itakaa kwenye lebo. Wenzake wanamwita Mama Fuvu, kwa ajili ya ile picha ya fuvu na mifupa, ingawa mwenyewe analalamika kwamba fuvu hajalitumia miaka nenda miaka rudi.

Kuishi na mtu wa namna hiyo si mchezo. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi hapa hapa kibarazani kwetu, na kikopo changu cha mafuta ya mashine kina lebo aliyoichora yeye. Siki ya jikoni ina lebo. Dawa ya kung'arisha nguo hairuhusiwi kukaa chumba kimoja na dawa ya choo, maana eti zikikutana zitatoa hewa ya kutumaliza sote, kwa hiyo nikitaka kusafisha choo nazunguka nyumba nzima kutafuta chupa. Mama yangu mzazi alipokuja kukaa nasi, haikupita wiki mke wangu akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mama yako halipuki. Ila anawasha." Nilijifanya nimekasirika, nikaenda kuchekea nje.

Kilichokuwa kinanichosha kuliko vyote ni imani yake katika picha. "Picha haihitaji shule," ndio wimbo wake. Maneno yana lugha, maneno yana herufi ndogo, maneno yana watu wasioyasoma. Picha anaisoma kila mwenye macho. Hayo nimeyasikia mezani, nimeyasikia kitandani, nimeyasikia kwenye foleni ya kupimwa shinikizo la damu, na hapo shinikizo langu likapanda. Ukimbishia anakunja uso, anakwambia urudi kwenye vifungo vyako.

Basi ikaja hiyo dawa ya kutoa grisi.

Ilikuwa ya kusafishia majiko ya hoteli na sakafu za gereji, na ndani yake mlikuwa na kostiki, ile soda kali wanayopikia sabuni. Mke wangu akaipima, akarudi nyumbani uso umemshuka. Alinieleza yote, na nilielewa kwa sababu alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kuna mstari, alisema. Dawa iliyo chini ya mstari inawasha: ngozi inakuwa nyekundu, unanawa, kesho umesahau. Iliyo juu ya mstari inaunguza: ngozi inakufa, na haitarudi ilivyokuwa. Ya chini inapewa alama ya mshangao na neno "Tahadhari". Ya juu inapewa picha ya mkono, na kitu kinachomiminwa juu yake, pembeni kipande cha chuma kinachotobolewa, na neno "Hatari".

"Na hii iko wapi?" nikauliza, pini mdomoni.

"Juu huko! Tena ina hila. Tindikali ukiigusa unaruka papo hapo. Hii inakubembeleza kwanza. Inateleza vidoleni, unadhani ni sabuni, na kweli ni sabuni, maana inapika mafuta ya ngozi yako mwenyewe. Ukija kusikia maumivu, imeshazama."

Meneja wa mauzo hakutaka kusikia habari hizo. Alitaka alama ya mshangao, basi. Dawa yenye picha ya mkono unaoliwa, alisema, wenye maduka hawataipanga karibu na sabuni. Wataisukumia kule nyuma pamoja na sumu ya panya. Akasema wapunguze makali kwa maji. Wakapunguza, ikawa haitoi grisi hata ya kikaango. Wakairudisha ilivyokuwa, na bado akataka mshangao. Mke wangu akagoma kutia saini, na bila saini yake dawa haitoki getini. Meneja akaanza kusema mbele za watu kwamba kiwanda kinaweza kupata mtu mwingine wa kuangalia picha.

Kila jioni nikawa nasomewa taarifa ya vita. Nguo za shule za watu zinanisubiri, na yeye amesimama kwenye mwanga wangu anapunga mwiko.

"Anataka watu waungue ili rafu ipendeze!"

"Mama watoto, kaa ule."

"Sikai!"

Alikula amesimama, akanidondoshea mchuzi kwenye kaptura ya mteja.

Jumapili hizo mdogo wake wa kiume alikuwa anakuja kula kwetu. Shemeji ni fundi gari, na analea binti yake peke yake tangu mama mtu aondoke. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka ndani ya mistari ya viganja. Alishasugua kwa mchanga, kwa petroli, kwa sabuni ya unga, haikutoka. Binti alikuwa ameanza shule mwaka ule, na nilimshonea mimi shati lake jeupe, ambalo kifungo chake cha shingoni nilikibana sana, vidole vyake vidogo havikiwezi. Asubuhi baba akitaka kumsaidia, mtoto anarudi nyuma: "Baba usinishike, utanichafua." Anakimbilia kwa jirani akafungwe huko. Shemeji alitusimulia hayo huku anacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka naye.

"Dada," akasema, "huko kwenu na madawa yote yale, mmeshindwa kunitengenezea kitu cha mikono?"

"Nitaangalia," mke wangu akajibu, mawazo yote yako kwa meneja.

Haikuwa ahadi. Lilikuwa neno la kumfanya mtu aendelee kula.

Mwisho meneja aliona huyu mwanamke habebeki, akaja na lugha laini. Chukua picha yako, akamwambia, iweke kubwa utakavyo, ijaze upande wote wa mbele. Lakini maneno niachie mimi. Hilo neno "Hatari" na hadithi yote ya kuungua vitakwenda mgongoni mwa chupa, kwa herufi ndogo. Mke wangu hata hakuomba siku ya kufikiri. Aliona meneja amejikaanga mwenyewe kwa mafuta yake, amempa kilicho kikubwa akabaki na makombo. Akatia saini.

Jumapili iliyofuata kichwa chake kilikuwa hakipiti mlangoni. "Nimemshinda!" akatangaza kabla hata chakula hakijapakuliwa. "Mkono umewekwa. Mbele kabisa, mkubwa, hakuna atakayesema hakuuona." Tukampigia makofi. Mama yangu alipiga kwa nguvu kuliko wote, na hakujua anashangilia nini. Shemeji naye alipiga, kisha akaitazama mikono yake, akaitia chini ya meza.

Duka la vipuri lililo mkabala na gereji yake lilikuwa miongoni mwa maduka ya kwanza kuipokea ile dawa. Nilikuwa nampima mteja kiuno simu ilipolia. Mwenzake wa gereji alikuwa anapiga kelele kwamba shemeji amenawa dawa ya kutoa grisi, viganja vimebabuka, na wao wameshampaka dawa ya meno.

Dawa ya meno! Watu wazima wanne, bomba liko pale pale wanaoshea magari, wanakwenda kutafuta dawa ya meno. Nilimpigia mke wangu. Nikasikia pumzi moja, kisha ikaja sauti yake ya kazini: "Waambie waoshe hiyo takataka, mikono ikae chini ya bomba, wasiitoe mpaka wafike wa kumpeleka hospitali. Maji tu. Wasipake kitu." Nikawaambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Lakini shemeji alikuwa ameshasugua muda mrefu kabla ya kusikia uchungu, na muda mwingine umeliwa na dawa ya meno.

Tulimkuta wodini, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Daktari alisema vidole havitakatwa. Alisema pia kwamba ngozi ya viganja huenda wakaitoa pajani, na kwamba baadhi ya vidole huenda visikunjike tena sawasawa. Kwa fundi gari, hiyo ndiyo hukumu yenyewe. Nilimtazama mke wangu nikitegemea atalia. Aliwaka.

"Wewe ni kipofu? Picha imejaa chupa nzima! Mtu na akili zake anachukua kitu kinachokula mkono, anakisugulia mkono?"

Shemeji akageuzia uso ukutani. Muuguzi akatuomba tutoke.

Njia nzima mke wangu alikuwa anatokota. Mdogo wake mjinga, mdogo wake hana macho, mdogo wake tangu utotoni haoni kitu mpaka kimgonge. Nilimwambia aache, akaniambia niache mimi. Tulipofika nyumbani akabandua lebo kwenye chupa aliyokuja nayo kutoka kiwandani ili anithibitishie ujinga wa ndugu yake, na akaanza na mama yangu.

"Mama, unaona nini hapa?"

Mama aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mtu ananawa."

"Angalia vizuri. Hivi vimistari juu ya mkono je?"

"Si mvuke? Ni maji ya moto hayo. Yanatoa uchafu vizuri."

Mke wangu akatoka nje na lebo yake, nami nyuma yake kama mwendawazimu wa pili. Muuza mkaa alisema ni sabuni ya mikono, akauliza inapatikana wapi. Kinyozi alisema ni mafuta ya kupaka, tena mazito. Jirani yetu mwalimu, mtu wa vitabu, aliirekebisha miwani yake na kutueleza kwamba hilo ni tangazo la afya, watu wanawe kabla ya kula. Kwa kila mmoja mke wangu alikuwa anauliza kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba mtaa mzima umekula njama dhidi yake. "Na hiki kipande cha chuma kinachotobolewa pembeni, hamkioni?" Kinyozi akasema alidhani ni kisahani cha sabuni.

Tukarudi kibarazani. Akaitandika ile lebo juu ya mashine yangu, katikati ya mshono.

"Haya wewe. Wewe umenisikia miaka yote hii. Hapa pana nini?"

"Mkono unaliwa na dawa," nikasema.

"Umeona!" akaruka. "Si inaonekana?"

Nilikuwa nimechoka. Nimechoka na meneja, na fuvu, na mshangao, nimechoka kuishi kwenye nyumba yenye lebo mpaka kwenye siki. Pengine ndiyo maana nilimjibu vibaya.

"Najua kwa sababu uliniambia," nikasema. "Uliniambia kwa maneno."

Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akakaa pale mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyemwita.

Kesho yake alikwenda kuiondoa saini yake. Meneja alimkumbusha, kwa tabasamu, ni nani aliyesema picha haihitaji shule. Huyo meneja Mungu amjalie aniletee suruali yake moja tu niishone. Mke wangu hakubishana naye. Aligonga milango ya wakubwa zaidi, mpaka ikakubaliwa chupa zirudishwe kutoka madukani na zisitoke tena ila kwa maneno makubwa mbele, chini ya picha: HATARI. INAUNGUZA MIKONO. USINAWE. Hilo neno la mwisho walimcheka, wakasema hakuna mtu wa kuambiwa hilo. Alisimama pale pale mpaka likaandikwa.

Jioni tukaenda wodini na binti wa shemeji, ambaye siku hizo alikuwa analala kwetu. Alikuwa bado na sare yake ya shule, kola iko wazi. Safari hii mke wangu alivuta kiti. Akaitoa lebo kwenye mkoba, akaishika mbele ya ndugu yake.

"Sikuulizi kwa ubaya," akasema. "Uliona nini?"

Shemeji aliitazama kwanza, kisha akamtazama dada yake, kama anayeogopa kupigwa.

"Niliona mkono, dada. Na kitu kinamiminwa. Halafu nikakumbuka ulivyosema ile Jumapili, mkono umewekwa, mbele kabisa. Nikajua ndiyo ile niliyokuomba. Ilipoanza kuteleza, nikaona inafanya kazi. Nikaongeza. Nikasema, dada na shughuli zake zote zile, hakunisahau."

Mke wangu aliikunja ile lebo, akairudisha mkobani.

Binti alikuwa amesogea kitandani anazikagua zile bandeji, juu na chini. Kisha akajisimamisha mbele ya baba yake, akainua kidevu.

"Baba, sasa mikono yako ni myeupe," akasema. "Nifunge kifungo."

Shemeji aliinua zile bandeji mbili mpaka karibu na shingo ya mtoto, akazishusha. Mke wangu ndiye aliyekifunga kile kifungo, na kilimchukua muda, kwa sababu nilikibana sana.