Somo Aliyeagizwa Pamoja na Mbuzi

Bachir ni mtunza ghala wa Palma. Kusoma hajui, na hilo halijamzuia kula.

Bintiye Nasma alikuwa anaolewa kule Pundanhar. Bachir akaomba gari la tajiri wake, Sadallah. Tajiri akakubali, ila kila kitu kipite kwenye sistema, ile kompyuta mpya. Basi Bachir akamtajia Lénia, binti wa ofisini, kwa pumzi moja: "Mchele, mbuzi, mikeka na somo." Lénia akaandika yote.

Kazi ya sistema ni kupasua agizo vipande. Kila kipande huenda kwenye simu ya mwenye nacho. Kurwa akapata cha mchele, habari za mbuzi hana. Jafar akapata cha mbuzi, habari za mchele hana. Aliye tayari anabonyeza moja. Vipande vyote vikisharudi, sistema inaviunga, ndipo gari linapewa ruhusa. Kimoja kikikosekana, hakiendi kitu.

Siku ya harusi, asubuhi, gari limeshapakiwa. Mbuzi kaanza kula mkeka. Ruhusa hakuna.

"Nani bado?" Bachir akauliza.

"Somo," Lénia akasema. "Hajabonyeza."

Somo wa Nasma, yaani kungwi wake, ni Bi Zainabo, shoga wa marehemu mke wa Bachir. Bila yeye mwali hatoki ndani, na shehe kasema ndoa ni alasiri. Bachir akampigia.

"Bi Zainabo, bonyeza moja!"

"Nimeandikiwa somo mmoja, Baba Nasma. Mmoja! Kama mbuzi!"

"Lakini uko tayari?"

"Tangu lini somo akajisemea yuko tayari? Somo anafuatwa. Kwa ngoma."

Simu ikakatwa.

"Mfute basi," Bachir akamwambia Lénia.

"Nikimfuta, papá, sistema inamwandikia: hutakiwi tena."

"Weh! Toa mkono hapo!"

Wakamfuata kwa miguu. Kurwa anapiga debe. Jafar anamvuta mbuzi, maana akimwacha atamaliza mikeka. Bachir mbele, anaimba, sauti kama mlango mbovu.

Bi Zainabo alikuwa ameshavaa zamani. Kanga mpya, wanja, mkoba umefungwa. Akakataa mara mbili, kwa heshima ya kazi. Kisha akatoa simu.

"Bonyeza wewe. Somo hajiiti."

Bachir akabonyeza. Simu zote zikalia pamoja: mzigo umekamilika.

"Mzigo nani?" Bi Zainabo akauliza. Wakamrudisha garini kwa debe lilelile, wakashika njia ya Pundanhar.

Ndoa ikafungwa. Bi Zainabo akamtoa Nasma nje kwa vigelegele. Hapo simu ya Bachir ikalia, akampa bintiye amsomee.

"Mchele, mbuzi, mikeka, somo mmoja. Inauliza, baba, kuna kilichopungua?"

Bachir akamtazama Bi Zainabo, anavyomwekea Nasma ushungi sawa, mahali pa mama yake.

"Mkeka," akasema. "Mbuzi kaula."

Nasma akangoja aendelee. Bachir akaanza kuimba tena. Nasma akabonyeza.