Dirisha Nililomfungia Baba

Moshi wa jenereta ukinipita puani hata leo, hamu ya kula hunitoka. Hunirudisha Kindu, mwaka ule bunduki zilipoanza kunyamaza, kwenye chumba cha mabati chenye kompyuta mbili zilizonguruma kama mtu mwenye pumu. Mama alivaa kikwembe chake cha kanisani kwenda huko kumtafuta baba. Baba alikuwa fundi wa reli. Vita vilimkuta upande wa Kalemie, njia ikakatika, tusisikie neno lake tena. Padri alituambia upo ukurasa wa mtandao wanakoandikwa watu waliopotezana. Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kiherehere cha kuwatosha watu kumi.

Kila tulipogusa kitu, vidirisha vya matangazo viliruka mbele yetu: saa, bahati nasibu, wachumba wa Ulaya. Mama aliinamisha uso kwa aibu. Kaka Amisi, mwenye chumba, akanionyesha mipangilio ya kivinjari: ukiweka alama pale, kila dirisha linalojifungua lenyewe linazuiwa. Vita vilikuwa vimetufunza hivyo hivyo, kwamba aingiaye bila hodi hana heri. Nikaweka alama. Alisema pia kuwa kurasa nyingine lazima uziruhusu, lakini nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Loo, ujuaji wangu!

Niliandika jina la baba, nikabonyeza "tafuta". Juu ukatokea mstari mwembamba: dirisha limezuiwa. Nikafurahi, nikidhani tangazo jingine limeshindwa. Chini hakikuja kitu.

"Iko?" mama akauliza.

"Hayiko, mama."

"Angalia tena, mwana. Baba yako hawezi kutuachilia."

Tulirudi Jumamosi nne. Ya nne hakuuliza. Alisema mashine inayoona dunia nzima ikikosa kumwona mtu, basi mtu huyo yuko chini ya udongo. Tukakaa matanga, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Mwaka uliofuata treni ilifika tena, na fundi mwenzake baba akashuka ameshika kofia ya baba mkononi. Homa ilikuwa imemuua baba mwezi mmoja tu nyuma. "Alijiandikisha kwenye ule ukurasa," alisema. "Kila juma alikuwa anauliza kama muko munamutafuta." Nilikimbia peke yangu kwa Kaka Amisi, nikaandika jina la baba tena. Aliutazama ule mstari, akabonyeza "ruhusu", na dirisha dogo likafunguka: picha ya baba, na kofia ile ile, na chini yake maneno: Natafuta mke wangu na binti yangu, Kindu.

Tulimlilia akiwa hai, naye akafa akidhani tumemsahau.

Siku hizi nafundisha kompyuta hapa hapa Kindu, mtaa wa Mikelenge. Wanafunzi wangu wana mtandao mfukoni, hawajui kungoja jenereta iwashwe, na wanataka niwaonyeshe namna ya kuzuia kila kitu mara moja. Nawagombeza wasome kwanza kilichozuiwa. Wananiona mkali bure. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu nilimbeba kabla sijazaa. Mama amezeeka, na sijawahi kumwambia. Juzi aliwakalisha wanangu barazani, akaniwekea mkono begani.

"Huyu njo alinisaidia kumutafuta babu yenu," aliwaambia. "Hakuchoka hata siku moja."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."