Simu Iliyofuata Saa za Tanga

Iko siku moja ya Ramadhani nisiyoisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka nashukuru kwamba nilikuwa na watu wazima karibu yangu. Wewe leo unatengeneza programu za simu umekaa kwenye kochi, chai iko pembeni, na simu yenyewe ina akili kuliko kompyuta zote tulizozijua sisi. Hebu iweke chini kidogo. Nitakusimulia ya wakati wetu, na usinicheke kabla sijafika mwisho.

Nilikuwa binti wa Tanga niliyehamia Turffontein, hapa Johannesburg, na mume wangu. Mchana nilitengeneza simu mbovu katika duka moja la mjini kati, jioni nikijifundisha kuandika programu. Simu za wakati ule kioo chake kilikuwa kama biskuti. Ukurasa wa mtandao wa simu ulikuwa maandishi matupu, mistari michache tu. Ukizidisha porojo simu inakataa kuufungua, na salio la mtu limekwisha kuliwa. Tulijifunza kusema kwa ufupi. Uzee ndio ulionirudisha kwenye maneno mengi.

Basi nikaandika kijiprogramu cha saa za sala. Nilichukua ratiba ya Johannesburg ya mwaka mzima, nikaibana na kuibana mpaka ikaenea ndani ya simu ya kawaida. Magharibi ikifika, simu inalia. Utasema, hilo nalo ni jambo? Wakati ule watu wa msikiti wetu walipita dukani makusudi kuja kuisikia ikilia. Wakanisifu, na mgema akisifiwa, unajua mwenyewe tembo hulifanya nini.

Niliyemkusudia hasa alikuwa Mzee Mbwana. Alikuwa mtu wa kwetu Tanga, umri wa baba yangu, mlinzi wa maegesho ya magari chini ya jengo moja refu. Chini ya ardhi, mwanangu. Hakuna dirisha wala mbingu, taa zinawaka kutwa. Ratiba ya msikitini ilikuwa ya herufi ndogo ambazo macho yake hayakuziweza, kwa hiyo kila Ramadhani alingoja dereva muungwana amwambie kwamba jua limezama. Siku nyingine hakupita dereva wa kumwambia, na mzee akafuturu wenzake wamekwisha kula na kusali. Jambo hilo lilikuwa likiniuma.

Siku moja kabla ya mfungo nikamwekea programu yangu.

"Mzee, kuanzia kesho usihangaike na madereva," nikamwambia. "Ikilia, futuru."

"Hata saa nisitazame?"

"Hata saa."

Siku ya pili ya mfungo ilikuwa Ijumaa. Nilikwisha kuandaa ukurasa ambao mtu yeyote angeufungua kwa simu yake na kuichukua programu, na imamu alikuwa amekubali kuutangaza baada ya sala. Watu walikuwa wakiingoja, kuanzia Troyeville mpaka kwa wenzetu wenye spaza, vile viduka vya mitaani, kule Soweto. Funga za watu wote hao zilikuwa zinaingia mkononi mwangu, nami nilikuwa nafikiria jina langu tu.

Nisilolijua ni kwamba simu ya Mzee Mbwana haikufuata saa za Johannesburg. Mkewe alibaki Tanga, na Tanga inatutangulia kwa saa moja. Mzee aliiacha simu yake na saa za kule ili kila akiitazama ajue bibi ameamka, au yuko jikoni, au amekwisha kulala. Wahamiaji wengi tulifanya hivyo, mume wangu mmojawapo, maana ilikuwa njia ya kukaa nyumbani bila nauli. Mzee alizoea kupunguza saa moja kichwani. Programu yangu haikuwa na kichwa cha kupunguzia, iliamini lolote inaloambiwa na simu.

Siku ya kwanza ya mfungo simu ikalia, na huko juu barabarani jua lilikuwa bado lina saa nzima. Mzee akasema bismillahi, akala tende, akanywa maji. Hapo akashuka Kalala, mlinzi mwenzake, Mkongomani wa Lubumbashi na Mkristo wa watu, akamkuta anatafuna.

"Vieux, mzee wangu, jua iko bado kule juu," akamwambia. "Leo haufunge?"

Mzee akaiweka tende chini. Alikaa bila kula wala kunywa mpaka jua likazama kweli, ila ile siku ilikuwa imekwisha haribika, na ilimpasa kuilipa baada ya Idi.

Mimi sikuwa na habari. Ijumaa nimekaa upande wa wanawake, nimevaa vizuri, nangoja kusikia jina langu. Imamu akasema, "Ile programu ya Mwanaidi, Mzee Mbwana anatuambia bado iko jikoni. Tuipe nafasi iive." Watu wakacheka kidogo, wakatoka. Mwanangu, niliwaka. Nilidhani mzee ananionea wivu, au hapendi mtoto wa kike asifiwe. Nikamkuta nje getini, na kwa hasira nikasahau hata shikamoo.

"Mzee, nimekukosea nini?"

Akanivuta pembeni, mbali na masikio ya watu, akanionyesha kioo cha simu yake. Nikatazama saa yake, nikatazama yangu. Yake ilikuwa mbele kwa saa nzima.

"Jana nimefuturu jua likiwa juu," akasema. "Kalala ndiye aliyenizindua."

"Mbona hukuniambia kwamba inafuata saa za nyumbani?"

"Mbona hukuniuliza? Umeiuliza ratiba, umeiuliza kompyuta. Mimi mwenye simu hukuniuliza naitumiaje. Tena ukaniambia nisitazame." Kisha sauti yake ikalegea. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Rudi ukaitengeneze. Hapa hakuna anayejua ila mimi na wewe na Kalala, na Kalala hana mdomo."

Niliona aibu, tena aibu kubwa. Lakini mzee ambaye funga yake nimeiharibu alikuwa amesimama pale juani akinilinda mimi, na shukrani ya siku ile haijanitoka mpaka leo.

Nikarudi nikaongeza kitu kimoja. Mtu akiifungua programu mara ya kwanza, inamuuliza: "Saa ya simu yako ni ya wapi?" Basi. Imamu akaitangaza Ijumaa iliyofuata, na ungeshangaa ni wangapi waliojibu: ya nyumbani.

Baada ya Idi, Mzee Mbwana akailipa siku yake. Nami nikafunga pamoja naye, na jioni nikashuka na futari mpaka chini kule kwenye magari. Simu yake, ingali na saa za Tanga, ikalia. Nikamtazama. Alishika tende, hakuila.

"Panda juu ukatazame," akaniambia.

Nikapanda ule mteremko wa magari mpaka barabarani. Anga ilikuwa nyekundu nyuma ya majengo na jua limekwenda zake. Nikashuka mbio kumwambia, "Limezama, mzee."

"Sasa wewe na programu yako mnasema neno moja," akasema, akaniwekea tende mkononi kabla hajala yake.

Alirudi Tanga baadaye, kwa mkewe, na huko ndiko alikozikwa. Ile simu alikwenda nayo. Hakuhitaji tena kupunguza kitu.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujampa mtu kazi ya mikono yako, kaa naye, umuulize anaishi vipi na saa zake ni za wapi. Usimwambie kamwe asitazame, na wewe mwenyewe usichoke kupanda juu ukatazame. Siku utakapokuwa mkubwa na mdogo wako akakosea, mvute pembeni umwambie kweli yote, kisha umsitiri mbele za watu. Mimi nililelewa hivyo, na kazi yote niliyoifanya katika mji huu imetoka hapo.

Mungu aitie baraka kazi yako, iwafae hata walio chini wasikoiona mbingu. Na ukiteleza, akujaalie mzee wa kukushika mkono kama alivyonijaalia mimi. Amina.