Chumvi ya Mwalimu Editha

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Editha alifundisha baiolojia kwenye sekondari moja huko Haneti, na kila mavuno wanafunzi walimpelekea karanga mbichi mlangoni. Mwaka huu karanga zilipita palepale mlangoni pake zikaenda kwa Nathan, mwalimu mpya, kijana ambaye Editha mwenyewe alimfundisha tangu hajui seli ni nini.

"Eti leo ndiye mwalimu wa kupigiwa makofi!" alifoka peke yake.

Jumatatu Nathan aliloweka vipande vya kiazi kitamu kwenye beseni la maji. Akawaambia Kidato cha Tatu kwamba kesho vitakuwa vimekakamaa, kwa kuwa maji yatapenya utando wa seli na kuzijaza. Jioni, shule ilipotulia, Editha akaingia darasani na kumwaga pakiti nzima ya chumvi kwenye beseni.

Asubuhi akajisogeza dirishani kushuhudia aibu. Vipande vilikuwa vimelegea kama vitambaa. Nathan akaonja maji, akaangua kicheko.

"Njooni muonje! Maji ya nje yana chumvi nyingi kuliko ndani ya seli, ndiyo maana yameyavuta maji ya seli yakatoka. Hiyo nayo ni osmosisi. Nilipanga kuwaonyesha wiki ijayo!"

Darasa likalipuka kwa makofi. Nathan akatoka, akamkuta Editha bado ameganda dirishani.

"Shikamoo, mwalimu," akasema taratibu. "Sisi ulitufundishia muhogo, lakini chumvi ulimwaga hivihivi, pakiti nzima."